Ruta ya Mjini na Njia Isiyokuwepo

Jumatatu, 7 Aprili

Borafya ndugu yangu, niwie radhi. Masika mawili yamepita bila ya mimi kukuletea shajara. Mara zote mbili wewe ulinitumia yako kutoka Makunduchi, nami nikairejesha imejaa masahihisho ya wino mwekundu, lakini yangu sikukupa uisahihishe. Huo si uungwana. Kisingizio changu ni kazi, na kisingizio hakigeuki udhuru kwa kurudiwa. Masika haya nitaandika, na mvua zikikatika nitakuletea, kama tulivyokubaliana tangu ujana wetu.

Bado nipo kwenye jumuiya yetu ya zahanati. Umri wa kustaafu umenipita, lakini mkurugenzi wetu, Dk. Sheikha, ameniomba nibaki mpaka mtandao mpya usimame. Tuna zahanati kuu hapa Mji Mkongwe, na matawi Amani, upande wa Ng'ambo ya mji, Mangapwani na Matemwe. Mafaili ya wagonjwa wote yamehifadhiwa kwenye kompyuta zilizoko Dar es Salaam, kwa hiyo daktari hawezi kulisoma faili la mgonjwa wake ila laini ya kutokea nje ya kisiwa iwe hai. Laini hizo tunazo mbili: kubwa ni ya mkongo, waya uliofukiwa ardhini, nayo inaingia mjini, ndogo iko Amani, kwa ajili ya dharura. Matawi yenyewe yameungana kwa redio za minarani.

Mpaka sasa njia zote nimeziandika mwenyewe ndani ya kila ruta, kile kifaa kinachoelekeza taarifa zipite wapi. Mkongo ukikatika, hapana budi nikae niziandike upya, tawi kwa tawi, huku wagonjwa wanangoja. Mwaka jana ulikatika nami nipo mazikoni Bumbwini, na hapana aliyejua la kufanya mpaka niliporudi. Dk. Sheikha akaniambia, "Ami, mtandao huu unaishi kichwani mwako. Ukipatwa na jambo, sisi tutafanyaje?" Ndiyo maana sasa tunahamia kwenye itifaki ya kuelekezana njia, ili ruta zijitafutie zenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Alkhamisi, 10 Aprili

Itifaki yenyewe nikueleze kwa lugha ya barazani. Kila ruta inazungumza na majirani zake. Huwapa salamu kila baada ya muda mfupi, na jirani asiyeitika huhesabiwa kuwa hayupo. Kila moja hutangaza ilicho nacho: "Wagonjwa wa Matemwe wako kwangu," au, "Kwangu mimi ipo njia ya kutokea nje." Jirani hupokea khabari, huipeleka mbele, kisha huchagua njia iliyo nyepesi. Njia ikifa, mwenye nayo huacha kuitangaza, na wengine hutafuta nyengine bila ya kuamrishwa na mtu. Jambo zima limesimama juu ya sharti moja, kwamba kila mmoja atangaze kilichopo kwake tu.

Mwenzangu katika kazi hii ni Shemsa binti Mjaka, fundi wetu wa mitandao, mzaliwa wa Amani. Tunafanya kama nilivyofunzwa kwenye mitambo ya simu: mkubwa husoma amri kwa sauti, mdogo huandika. Ni imla tu. Macho yangu hayakipendi tena kioo cha kompyuta, lakini hilo sikumwambia.

Leo, mbele ya manesi, alisema, "Mzee, hapo nambari umekosea."

Nilimjibu, "Kijana mwenye adabu humvuta mkubwa pembeni."

"Nimefahamu, Mzee. Samahani."

Nambari nilikuwa nimeikosea kweli.

Jumatatu, 14 Aprili

Alhamdulillahi. Leo tumeuchomoa mkongo wa mjini kwa makusudi, kwa majaribio. Shemsa alikuwa kwenye simu na nesi wa Matemwe.

"Wapo?" nikamuuliza.

"Wapo, Mzee! Anauliza tunaanza lini kujaribu. Hajui kama tushaanza!"

Njia ilikuwa imehamia Amani kimya kimya. Tulipourejesha mkongo, ikarudi mjini. Dk. Sheikha alituletea halua. Nimefurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Jumatano, 16 Aprili

Jecha, msimamizi wa tawi la Amani, alikuja mjini kwa mkutano. Unamjua, hana pazia mdomoni. Aliingia ukumbi wa mapokezi umejaa watu.

"Asalaam aleikum, wenye mji! Nimekuja kudai ushuru wangu."

"Ushuru wa nini?" nikamuuliza.

"Si mlikatikiwa Jumatatu, nyote mkapita uani kwangu? Bwana Amour, nyanya yangu alikuwa akichukua maji kwenye nyumba zenu za ghorofa, akiingizwa mlango wa nyuma. Leo sisi watu wa Ng'ambo ndio tunaokufungulieni nyie mlango wa nyuma. Karibuni, karibuni! Futeni miguu tu!"

Watu walicheka sana. Shemsa naye alicheka, amejiziba mdomo kwa mtandio. Mimi sikucheka.

Alipoondoka nilimwita Shemsa kwenye kompyuta, nikamsomea upya amri ya ruta ya mjini, ile inayoitangaza njia ya nje. Mwisho wa amri hiyo lipo neno la hiari, maana yake "daima". Ukiliongeza, ruta hutangaza kuwa njia ya nje iko kwake wakati wote, iwepo isiwepo. Nililiongeza.

Vidole vya Shemsa vilisita. "Mzee, hili neno la mwisho..." Akawatazama wasichana wa mapokezi waliokaa karibu, akanyamaza.

"Andika nilichosoma."

Aliandika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tuuchomoe tena mkongo, tujaribu?"

"Tushajaribu Jumatatu."

Nimemweleza sababu: wakati wa mvua mkongo huenda ukakatika na kurudi kwa muda mfupi mfupi, na si vizuri njia kurushwa huku na huku kama mpira. Sababu hiyo imo vitabuni. Isitoshe, mjini ndiko kwenye kichwa, na kichwa hakihamishwi kila panaponyesha.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kubwa. Nimerudi msikitini viatu mkononi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Ruta zote zinasalimiana.

Alkhamisi, 24 Aprili

Mvua. Shemsa ameomba tena tufanye jaribio, na safari hii alinivuta pembeni, kama nilivyomfunza. Nimemwambia angoje mvua zipungue.

Jumanne, 29 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa kuwa niliahidi kuandika, wala sitafuti nafuu.

Jana asubuhi maji yaliingia kwenye shimo la mkongo karibu na bandari, na mkongo ukafa. Nilikaa kwa utulivu, nikingojea njia ihamie Amani. Haikuhama. Mangapwani walipiga simu, kisha madaktari wa hapa mjini wakaanza kutoka vyumbani mwao kuuliza. Nikampigia Jecha, nikidhani laini yake imekufa pia.

"Kwangu kunawaka, bwana," akasema. "Daktari wangu anasoma mafaili kama kawaida. Nyie mmekwama wapi?"

Hapo nilifahamu, Borafya. Sikuhitaji kuitazama kompyuta. Ruta ya mjini haikuwa na njia, lakini ilikuwa ikiendelea kuwaambia majirani zake kuwa inayo, kwa sababu mimi niliiamuru iseme hivyo. Majirani waliisadiki. Kila kilichotoka Mangapwani na Matemwe kilikuja mjini kikapotea pamoja na cha mjini wenyewe, na Amani, iliyokuwa na njia ya kweli, hapana aliyeigeukia.

Mazin, mhandisi wa kampuni iliyotuuzia ruta, alikuwa hapa jengoni, akakaa kwenye kompyuta yangu kutafuta kosa. Ningeweza kumwonesha kwa kidole. Nilimwacha atafute. Nilijiambia kwamba atalipata, atalifuta, na litapita bila ya jina.

Wakati anatafuta, Shemsa alinipigia kutoka Matemwe, ambako alikwenda kuutazama mnara. Simu ilikuwa inakatikakatika.

"Mzee, huku hapafunguki kitu. Ameletwa mama mmoja mkulima wa mwani, mguu umeoza kwa kuchomwa na kijiti cha mambo cha kufungia mwani, ana homa kali, hajielewi. Nesi anataka kumpiga sindano. Anauliza, kwenye faili lake kuna dawa inayomkataa?"

Amani walikuwa wanaweza kulifungua faili lile. Neno moja lilitosha: mpigieni Jecha. Nitakuwa nasema uongo nikikwambia kwamba halikunijia. Lilinijia. Lakini kumwambia aulize Amani kulikuwa ni kukiri kwamba Amani iko hai na kwamba ubovu uko mjini, kwangu. Na Mazin alikuwa amekaa pembeni yangu, anasikia.

Nilisema, "Ngojeni. Tunashughulikia."

Walingoja. Mgonjwa alizidi, na nesi akaona hana tena nafasi ya kungoja. Alimpiga sindano ya penisilini. Faili la mama yule limeandikwa kuwa penisilini haimfai kabisa. Uso ulimvimba, koo likaziba. Nesi alikuwa hodari, alikuwa na dawa ya kuuzuia uvimbe, na gari ya wagonjwa ilimleta mjini akiwa anapumua. Anaitwa Yusra. Ana watoto wadogo. Yu hai.

Mchana Dk. Sheikha alituita sote. Mazin alikuwa amelikuta lile neno. Shemsa aliingia kutoka Matemwe, ameroa mpaka mtandio.

Mazin akauliza, "Amri hii, siku ile, nani alikuwa kwenye kibodi?"

Nikajibu, "Shemsa."

Nikaishia hapo. Shemsa alinitazama. Hakuwa amekasirika, alikuwa anangojea niendelee, kama mtu anayemngojea msomaji avute pumzi. Mimi nilivua miwani nikaifuta.

Dk. Sheikha akamgeukia. "Ni kweli, Shemsa?"

"Ni kweli, Daktari. Nliandika mimi."

"Ulijua maana yake?"

"Nlijua."

Akainama kukamua ncha ya mtandio wake.

Alkhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Sikutoka nyumbani.

Jumamosi, 3 Mei

Shemsa amesimamishwa kazi mpaka bodi itakapokaa. Mkongo umerejeshwa, neno limefutwa, na mtandao unafanya kazi kama ulivyotakiwa ufanye. Watu wananipongeza. Msichana wa mapokezi aliniambia, "Bora wewe Mzee ulikuwepo, yule angetuulia watu." Nikamjibu, "Inshallah kheri." Najiuliza ni mara ngapi katika maisha yangu nimelitumia jina la Mwenyezi Mungu kuziba nafasi ya ukweli.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Jecha alikuja ofisini na hakufanya utani. Alisimama mlangoni.

"Bwana Amour, yule mtoto kakulia mtaani kwetu. Haandiki kitu asichoambiwa."

Nilianza kupanga karatasi mezani.

"Sikuulizi," akasema. "Nshasema nilichokuja kusema." Akaondoka.

Nilikuwa nikimhesabu Jecha kuwa ni mtu wa mzaha na kelele. Leo nimemwogopa. Na nimelazimika kujiuliza kwa nini utani wake ulinichoma siku ile. Nimezaliwa katika nyumba ambayo Ng'ambo ilitajwa kama pahala pa kutolea watumishi. Nilidhani nimeyaacha hayo kwa kusoma na kwa kuswali safu moja na watu wa kila asili. Sikuyaacha. Nilipoambiwa kwamba mjini tumepita uani kwa Jecha, niliona bora matawi yote yapoteze njia kuliko ruta ya mjini ikiri kuwa haina. Ile sababu ya vitabuni ni ya kweli, lakini sikuiongeza amri ile kwa ajili yake. Hiyo niliitafuta baadaye.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Matemwe na manesi kumtazama Yusra. Amerudi kwake, bado dhaifu, mguu umefungwa. Alitandika mkeka mpya kwa ajili yetu, na mama yake akatuletea madafu. Nilikaa kwa shida.

Akasema, "Babu, nimeambiwa ni msichana wenu mmoja aliyekosea mambo ya mitambo."

Manesi walinigeukia mimi, mkubwa wao, nijibu.

"Ndivyo inavyosemwa," nikasema.

"Basi mwambieni nshamsamehe. Sitaki akae na dhiki kwa ajili yangu. Mie mzima."

"Nitamwambia," nikajibu.

Borafya, nimerudi mjini nimebeba msamaha wa mtu mwengine, na wa kumpelekea hana kosa.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikwenda Amani nyumbani kwao Shemsa. Baba yake, Mzee Mjaka, ni fundi wa makochi. Nilimkuta barazani anapiga misumari, mingine kaibana midomoni. Aliitema kiganjani ili anipe mkono. Tulisalimiana kwa urefu, khabari za nyumbani, za afya, za mvua, mpaka salamu zikatuishia. Akamwita binti yake.

"Naam, baba." Alitoka, akaniona. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimetoka Matemwe juzi. Yusra anasema amekusamehe."

Hakukaa. "Kanisamehe lipi?"

"Shemsa," baba yake akamkanya.

"Namuuliza kwa heshima, baba. Mzee, kanisamehe lipi?"

Nilisema. Nilimweleza Mzee Mjaka mbele ya binti yake kwamba mimi nilisoma, yeye akaandika. Kwamba alisita nikamkaripia. Kwamba aliomba jaribio mara mbili nikamkatalia. Na kwamba mbele ya mkurugenzi nililitaja jina lake nikanyamaza. Mzee Mjaka alikuwa anaitazama misumari kiganjani mwake.

"Kwa nini hukusema siku ile?" nikamuuliza Shemsa. "Ungenitaja tu."

"Si ulinambia kijana mwenye adabu hamsahihishi mkubwa mbele ya watu? Nkangoja uniite pembeni." Sauti yake ilianza kukatika, akaituliza. "Nimengoja wiki mbili, Mzee. Kila simu ikilia nasema ni wewe."

"Nitakwenda kwa Dk. Sheikha kesho, nimweleze faragha."

"Faragha, hapana," akasema. "Nlisemwa mbele ya watu. Sema mbele ya wale wale, na Jecha awepo, na manesi wa Matemwe wawepo. Kama hutaki, basi usiseme. Kurudi kwa huruma ya chumbani sirudi."

Baba yake akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Umemsikia," akasema. Akarejesha misumari midomoni.

Jumatano, 14 Mei

Kutwa nimetafuta maneno. Nimegundua kwamba kila sentensi niliyoitunga ilikuwa imenificha pahala.

Alkhamisi, 15 Mei

Nimesema.

Dk. Sheikha alikubali kuwaita wote: madaktari, manesi wa matawi yote, Jecha, Mazin. Shemsa alikaa safu ya nyuma na baba yake. Nilisimama nikasema kuwa amri ile ilikuwa yangu, na kwamba Shemsa aliandika kwa kuamrishwa na mimi baada ya kujaribu kunionya.

Na hapa ndipo palipokuwa pagumu, nami sikupatarajia. Hawakunilaumu. Walinihurumia.

"Ami," Dk. Sheikha akasema kwa upole, "umefanya kazi hii miaka mingi. Umri nao una haki yake. Tutaandika kuwa ulipitiwa."

"Kabisa," akasema daktari mmoja. "Sote tunasahau."

Hata Jecha alitikisa kichwa kukubali. Ukumbi mzima ulinifungulia mlango niingie, na ndani mlikuwa na kivuli kizuri: mzee kachoka, mzee kasahau, mzee aachwe apumzike. Shemsa angerudi kazini na mimi ningebaki na heshima yangu. Nilitazama nyuma. Alikuwa ananitazama vilevile kama siku ile, anangoja.

Nikasema, "Sikupitiwa."

Dk. Sheikha akaweka kalamu chini.

"Neno lile nililiongeza nikiwa najua linachokifanya, kwa sababu Jecha alinitania na sikupenda mjini tuonekane tumepita kwao. Mkongo ulipokatika nilijua kosa liko wapi, nikamwacha Mazin atafute. Shemsa alipopiga simu kutoka Matemwe nilijua kwamba Amani wanaweza kulisoma faili la mgonjwa, na nikamwambia angoje. Yusra alipigwa sindano katika kungoja huko. Kichwa changu ni kizima. Msiandike kuwa nilipitiwa."

Nesi wa Matemwe aliinama akalia. Ndiye aliyepiga ile sindano. Kumbe tangu siku ile hakuwa akilala. Hilo nalo sikuwahi kulifikiria. Jecha akasema polepole, "Bwana Amour, mie nlikuwa nacheka tu." Nilimwambia najua.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua zimepungua. Dk. Sheikha aliniita asubuhi. Hakuniita Ami, aliniita Bwana Amour, na alikuwa na haki. Shemsa anarejeshwa, naye ndiye atakayekuwa mkuu wa mtandao. Yusra ataelezwa ukweli, nami ndiye nitakayekwenda kumweleza, keshokutwa. Limebaki jambo langu. Bodi haikutaka kuamua peke yake. Wamemuuliza Shemsa kama anakubali nibaki chini yake mpaka amalize kuzipanga ruta za Mangapwani na Matemwe, au niondoke sasa. Ameomba kufikiri.

Upande mmoja wa nafsi yangu unaomba aseme niondoke, ili nisiwe naketi kila siku chumba kimoja na macho yale. Upande huo ndio ule ule uliosema "Ngojeni", kwa hiyo siusikilizi. Nimemwandikia Shemsa jambo moja tu, kwamba jibu lake lolote nitalipokea, na kwamba asitazame umri wangu.

Mchana nilimkuta mlangoni, anatoka. Nilidhani atanipa jibu. Alisema, "Bado, Mzee," akafungua mwavuli.

Sitaandika tena mpaka aseme. Siku atakayosema nitakuandikia, Borafya, niwe nimebaki au nimefukuzwa.